Nitarudi Saa Mbili

Kerubo aliitwa ofisini mwa nyumba ya wazee akiwa ameshika meno ya Mzee Derrick. Yalikuwa meno ya bandia, ya juu na ya chini, yanasubiri kusuguliwa. Meneja alikuwa amesema "sasa hivi", na sasa hivi ya meneja haikuwa na nafasi ya mtu kuweka meno chini, kwa hiyo Kerubo aliyabeba ndani ya kikombe chake, akasimama nayo mbele ya meza kama mtu aliyeleta sadaka.

"Shule tena," meneja alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Wamepiga hapa kwa sababu simu yako haishikwi."

"Simu iko kwenye kabati, madam. Ndiyo sheria."

"Naijua sheria. Niliiandika mimi."

Ofisini mlikuwa na wafanyakazi wengine wawili waliokuja kuulizia likizo. Wote wawili walijifanya wanasoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, tangazo ambalo hata Mzee Derrick angelikariri, yeye aliyesahau jina la mkewe lakini akakumbuka vizuri kwamba ujanani alivua papa kwenye mfereji nyuma ya kiwanda cha magari. Meneja akasukuma simu ya mezani kwa ncha ya kalamu.

Karani wa shule alikuwa na sauti ya upole iliyokuwa inaanza kuchoka. Kemunto anaumwa tumbo. Analia. Hataki kurudi darasani mpaka asikie sauti ya mama yake. Kerubo akatupia macho saa ya ukutani. Saa nane na dakika chache, kama jana, kama wiki iliyopita. Tumbo la mtoto huyu lilikuwa na nidhamu kuliko mabasi ya Birmingham.

"Mpe simu," alisema. Akasikia pumzi za mtoto. "Mama, tumbo linauma wapi?"

Mtoto akavuta kamasi.

"Umekula?"

"Uko wapi?" Kemunto aliuliza kwa Kiingereza. Alizaliwa Birmingham; Kiswahili kilimwingia masikioni bila shida, lakini mdomoni kilikuwa hakijawahi kupata mlango wa kutokea.

"Niko kazini. Nitakuwa wapi tena?"

"Bado?"

"Bado nini, Kemunto? Si nilikwambia asubuhi? Nitarudi saa mbili."

Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu aliyeambiwa jambo asilotarajia. Kisha karani akarudi kwenye simu, akashukuru, akakata.

"Kerubo," meneja alisema, "mimi nasimamia wazee. Sisimamii watoto. Ikitokea tena itabidi tukae tuzungumze kama kazi hii inakufaa."

"Nimeelewa, madam."

"Na hayo meno ni ya nani?"

Mmoja wa wale wa likizo akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani.

"Ya Mzee Derrick."

"Basi mpelekee. Anangoja biskuti."

* * *

Kutoka kazini Northfield hadi nyumbani Lozells ni mabasi mawili, na Kerubo alikuwa amejifunza kuyakimbilia yote mawili. Kimo chake kilikuwa kifupi na miguu yake mizito kwa kusimama kutwa, lakini madereva wa njia ile wangeapa kwamba hawajawahi kuona mwanamke mwingine wa viatu vya uuguzi akipita pikipiki. Alikuwa akikimbia tangu Septemba, tangu alipopewa shifti ndefu za asubuhi hadi jioni. Mumewe, Shem, alikuwa dereva wa lori la masafa. Alilala ndani ya lori huko Scotland na kwingine, akaonekana nyumbani Jumapili kama padri. Nyumba iliyobaki ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa na miaka minane.

Kabla hajagonga mlango wa jirani, ukafunguka. Kemunto akamrukia mapajani, akamkumbatia kwa nguvu zote, uso ndani ya koti lenye baridi, wala hakusema neno. Ndivyo ilivyokuwa kila usiku. Kerubo akatandaza mikono juu ya mgongo ule mdogo, akafunga macho. Kutwa nzima aliwagusa watu: aliwanyanyua, aliwaosha, aliwavisha soksi. Wa kumgusa yeye alikuwa huyu mmoja tu.

"Toto nasimama dirisha tena," alisema Mama Hemant kutoka jikoni. "Mimi nasema njoo ona katuni. Hapana. Chapati nakula dirishani, maziwa nakunywa dirishani. Hii toto napenda gari sana."

"Umbea tu, Mama Hemant. Anataka kujua nani amepita na nani."

Bibi huyu wa Kihindi alizaliwa Kisumu, akauza vitambaa Kisumu, akaletwa Uingereza na mume ambaye sasa ni picha yenye shada la maua ya plastiki ukutani. Mtoto wake Hemant alikuwa Toronto. Nchi nzima ilimwita Bi nani sijui, jina refu la kwenye kadi ya hospitali, lakini siku ya kwanza Kerubo alipombishia hodi akamwita Mama Hemant, kwa desturi ya kwao, na bibi akashika mlango, akaomba aitwe hivyo tena. Tangu siku ile alimpokea Kemunto alfajiri, akampeleka shule, akamrudisha, akamlisha, na mtoto akamwita Ba, yaani bibi kwa Kigujarati. Hakutaka malipo. Alitaka kuitwa.

"Mwalimu yake nasimamisha mimi leo," Mama Hemant aliendelea, akikausha mikono. "Nasema wewe piga simu. Iko msichana nakuja shule kila Jumanne, naongea na watoto ya woga. Tiba, lakini hapana dawa. Maneno tu. Lazima wewe nakubali."

"Woga wa nini?"

"Mimi najua? Mimi ni ya chapati."

* * *

Kerubo alipiga simu shuleni, akaelezwa. Mtoto ana wasiwasi, walisema. Wasiwasi umekuwa mwingi kuliko unavyostahili. Kuna njia ya kumfundisha kulishika wazo linalomtisha, kulihoji kama askari anavyohoji mwizi, kisha kuliendea kidogo kidogo lile analoliogopa mpaka alizoee. Watoto wengi husaidika. Kerubo akasema ahsante, atamuuliza mume wake.

"Wasiwasi?" Shem aliuliza, mvua ya Scotland ikipiga kioo cha lori nyuma ya sauti yake. "Mtoto wa miaka minane ana wasiwasi gani? Analipa kodi?"

"Analia kila siku shuleni, Baba Kemunto."

"Alie. Sisi hatukulia? Usikubali chochote. Leo wanakwambia wasiwasi, kesho wanaandika mama hayuko nyumbani, baba hayuko nyumbani, mtoto analelewa na Mhindi. Unajua mwisho wake."

Mwisho wake kila mtu aliujua, maana Nyambura wa kanisani alikuwa ameusambaza. Nyambura aliishi Balsall Heath na hakukuwa na habari iliyopita jijini bila kunywa chai kwake. Alisema kuna mama Mkenya wa Coventry aliyekubali mtoto wake azungumze na mtu wa shule, mara moja tu, Kerubo, mara moja. Mtoto akasema nyumbani hula ugali kwa mkono. Serikali ikaja na gari mbili. Wakachukua watoto watatu na paka.

"Paka naye?"

"Paka alikuwa shahidi," Nyambura alisema, kwa uso mkavu kabisa.

Kerubo alicheka kwenye simu. Baada ya kukata hakucheka tena. Alikaa jikoni akamtazama Kemunto akipaka rangi, ulimi umetoka kidogo pembeni, akajaribu kuifikiria nyumba ile bila yeye. Aliiona vizuri mno.

Lakini alimwona pia meneja na ncha ya kalamu yake. Simu moja zaidi, na kazi imekwenda. Wiki ile ikapita kwa kura ya ndiyo na hapana kichwani mwake, kila basi na kura yake, mpaka Jumatatu akapiga simu shuleni, akakubali. Asubuhi iliyofuata, akimsuka Kemunto nywele, akaweka masharti.

"Sikiliza, mama. Kuna dada atakuja kuzungumza nawe. Mheshimu. Mwangalie. Lakini ya nyumbani hayatoki nje. Umesikia? Akikuuliza mambo ya hapa, sema 'sijui'."

Kemunto akaitikia kwa kichwa, kitana kikatikisika naye. Alikuwa mtoto mtiifu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, ila hakuna aliyelijua.

"Haya, tuondoke kwa Mama Hemant. Nitarudi saa mbili."

* * *

Jumanne zikapita. Tumbo halikupungua; simu za kwenda Northfield ndizo zilizopungua, kwa kuwa shule ilikuwa imeombwa isipige. Kemunto alikuwa analia sasa kwenye kona ya maktaba, kwa adabu. Kisha dada wa Jumanne akampigia Kerubo mwenyewe: je, angeweza kuja?

Kerubo akabadilishana siku na mwenzake, akavaa gauni la kanisani. Chumba walichopewa kilikuwa zamani stoo ya ngoma za shule, na bado kilinuka ngozi na vumbi. Dada aliitwa Tejinder. Alikuwa kijana, na bangili ya chuma mkononi ikigonga meza kila alipoandika. Alisema babu na bibi yake walitoka Nakuru.

"Nilifundishwa maneno matatu ya Kiswahili," alisema. "Jambo. Ahsante. Fagia."

Mara akasikia alichosema, akawa mwekundu mpaka masikioni. Kerubo alimhurumia.

"Si mbaya," alimwambia. "Ukiwa na hayo matatu unaweza kuishi Nakuru."

Kemunto alikuwa ameketi katikati yao, mikono chini ya mapaja. Tejinder akaeleza utaratibu wao. Katika chumba hiki, woga ni mshtakiwa. Woga unasema jambo, nao wawili wanauomba ushahidi. Kemunto anaujua mchezo huo kuliko watoto wote.

"Lakini kila nikimuuliza woga wake unasema nini, ananipa jibu lile lile. Kwanza nikadhani ni jina. Watoto wengine huupa woga majina. Basi tukamchora." Akafungua karatasi, akaigeuza upande wa Kerubo. Palikuwa na dude la kijani, macho makubwa, miguu mirefu kama ya kuruka, na chini yake mkono wa Kemunto ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa: SIJUI. "Tumekuwa tukimhoji Sijui kwa wiki kadhaa. Ni mgumu sana kusema."

Kerubo alilitazama lile dude. Joto likampanda kutoka shingoni. Angeweza kunyamaza, Shem angemwambia anyamaze. Mlango ulikuwa karibu, na Jumanne ingekwisha kama Jumanne nyingine. Kisha akamwona mtoto akimwangalia yeye, si Tejinder, akingoja kujua kama amefanya vizuri.

"Hilo si jina," alisema kwa Kiingereza, polepole. "Maana yake hajui. Ni mimi niliyemwambia aseme hivyo."

Tejinder hakuandika. Hilo Kerubo aliliona.

"Kemunto," akageukia Kiswahili. "Sema, mama. Nimekuruhusu."

"Yote?" mtoto akauliza kwa Kiingereza.

"Yote. Hata kama ni ya kwangu."

Kemunto akatoa mikono chini ya mapaja. "Woga unasema Mama hatarudi."

"Na ushahidi wake?" Tejinder aliuliza, kwa sauti ile ile angeulizia rangi ya penseli.

"Kwa sababu anasema atarudi halafu harudi. Anasema two. Kila siku. Two inafika, hayupo. Three inafika, anakuja Ba, si yeye. Four hayupo. Anakuja giza likishaingia, na hasemi kwa nini amechelewa."

"Mimi?" Kerubo akaweka mkono kifuani. "Mimi nimesema two lini?"

"Kila asubuhi."

"Kemunto, usiseme uongo mbele ya watu. Nakwambia saa mbili."

"Ndiyo," mtoto alisema, akainua vidole, kimoja, kisha cha pili, kwa subira ya mwalimu wa watoto wadogo. "Moja. Mbili. Mbili ni two."

Kicheko kilianza kumpanda Kerubo kutoka tumboni, kicheko kikubwa cha kijijini kwao, na kingetoka kikabomoa stoo ile ya ngoma. Wiki zote hizi shule ilimwambia "two o'clock", na yeye kichwani akageuza, kama alivyogeuza tangu siku ya kwanza nchini humu, akasikia saa nane. Saa nane tumbo linauma. Saa nane analia. Ni nani angeifananisha saa nane na saa mbili? Lakini kicheko kilipofika kooni kilikutana na neno lililosimama pale: ofisini, kikombe cha meno mkononi, imeshapita saa nane, na yeye anamwambia mtoto kwenye simu, nitarudi saa mbili. Kikashuka chenyewe.

"Kwetu," alimwambia Tejinder, "saa zinahesabiwa tangu jua litoke, na usiku tangu lizame. Saa ya kwanza ikiisha ndiyo saa moja, seven yenu. Saa mbili ni eight."

"Eight?" Tejinder alimtazama Kemunto. "Na yeye husubiri tangu two?"

"Tangu Septemba," Kerubo alisema.

Kemunto alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikienda. Akafika mwisho. "Kwa hiyo saa mbili ni eight. Siku zote?"

"Tangu babu za babu zako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mbona hukuniuliza?"

Mtoto akaangalia dude lake la kijani. "Nilidhani unatoka kazini two," alisema, "halafu hutaki kuja nyumbani, unakaa mahali pengine mpaka usiku."

* * *

Kerubo akakisimulia kisa kile kila mahali, kila mara kikiwa na nyama zaidi. Shem alicheka mpaka akadai ameegesha lori pembeni ya barabara, na magari yote ya Scotland yakajipanga nyuma yake. Nyambura alikibeba kisa Balsall Heath, na kufikia Jumapili mtoto alikuwa amesubiri dirishani siku tatu mfululizo, akilishwa kwa kijiko. Maneno ya mwisho ya Kemunto, yale ya mahali pengine, Kerubo hakumsimulia mtu.

Mama Hemant peke yake hakucheka. Alizima jiko, akakaa.

"Mimi pia nasema," alisema. "Kila siku toto nauliza mimi, Mummy nakuja lini? Mimi nasema saa mbili, saa mbili. Mimi naumiza toto kila siku na chapati mkononi."

"Hukujua, Mama Hemant. Mimi mamake sikujua."

"Hemant pia nasema nakuja mwezi kesho." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Sijui hiyo mwezi kesho nahesabu na jua gani."

Kuanzia siku ile Kerubo akasema "eight". Alisema mlangoni, akasema tena akiwa nje, akaonyesha kwa vidole. Akalala akijua mambo yamekwisha. Alhamisi, saa nane mchana, tumbo likauma.

Alilia mpaka shule ikapiga simu, ingawa iliombwa isipige. Meneja hakumwita ofisini safari hii. Alimfuata sebuleni mwa wazee, akamwambia mbele yao, na mbele ya binti wa Mzee Derrick aliyekuja na maua, kwamba wiki ijayo watakaa wazungumze. Binti akayaangalia maua yake. Mzee Derrick akauliza kwa sauti kuu, "Amefanya nini huyu mweusi mzuri?" na Kerubo akamfunga kitambaa cha kulia kifuani, akamwambia hajafanya kitu.

Jioni, akiwa kwenye kituo cha basi, alimpigia Tejinder simu, upepo ukimvuta mtandio. "Nimemweleza," alisema. "Anajua. Anaweza kukusomea saa zote mbili, ya kwenu na ya kwetu. Sasa anaogopa nini?"

"Kichwa chake kinajua," Tejinder alisema. "Woga umeshazoea kuja saa hiyo. Ukiuambia umekosea mlango, kesho bado utagonga. Hauondoki kwa kuelezwa. Unaondoka Kemunto akiona mwenyewe kwamba saa ikipita, anabaki mzima."

Akaeleza ngazi yao, hatua ndogo ndogo, Kemunto mwenyewe ndiye aliyezipanga. Tumbo likianza, atabaki darasani mpaka wimbo uishe. Halafu mpaka hesabu ziishe. Halafu bila kuomba simu. Na hatua ya juu kabisa, ambayo Kemunto aliiandika, akaifuta, akaiandika tena: siku moja Mama achelewe makusudi. Robo saa tu. Wasimwambie ni siku gani.

"Nimchelewee mtoto makusudi," Kerubo alirudia.

"Ndiyo."

"Dada, mimi nimekimbilia mabasi tangu Septemba. Sasa unaniambia nisimame."

"Najua," Tejinder alisema. "Kwako pia ni hatua."

Tejinder alimpigia meneja pia. Alichomwambia hakijulikani, ila meneja alikuja kumwambia Kerubo kwamba mazungumzo yao yamesogezwa mpaka mwisho wa mwezi. Simu zikikoma, hayatakuwepo. Kuanzia hapo Kerubo alisukuma mikokoteni ya chai sikio moja likiwa mlangoni mwa ofisi. Simu ililia, ikalia tena. Ilikuwa ya daktari. Ilikuwa ya watu wa nyama. Saa nane ikapita, ikawa saa tisa, na hakuna aliyemwita.

Nyumbani Kemunto alimpa taarifa fupi kama mfanyakazi mwenzake. Leo mpaka wimbo. Leo mpaka hesabu. Leo tumbo lilikuja, nikamwambia mwalimu, nikakaa.

* * *

Ijumaa Kerubo alishuka kwenye basi saa mbili kamili usiku, na hakukimbia.

Alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Aden, nyuma ya makreti ya ndizi za kupika. Baridi ilipanda kutoka chini, ikaingia kwenye viatu vya uuguzi. Kutoka pale aliliona dirisha la Mama Hemant, taa ya njano, pazia limesogezwa upande. Na Kemunto alikuwepo. Paji la uso lilikuwa limebanwa kwenye kioo.

Mtoto alitazama upande wa kituo, akatazama upande wa pili. Kerubo akainama nyuma ya ndizi kama mwizi wa ndizi. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaondoka, umeshuka kwenye lami wenyewe, akaurudisha. Akashika ukingo wa kreti kwa mikono yote miwili.

"Dada," Aden alisema kutoka mlangoni, "umepoteza ufunguo?"

"Hapana, kaka. Nangoja."

"Unangoja nani kwenye baridi hii?"

"Nangoja kufika."

Aden alifikiria jibu hilo kwa muda, akarudi ndani, akatoka na kibao cha kukalia. Kerubo hakukikalia. Alipoangalia tena dirishani, Kemunto alikuwa amepandisha mkono kwenye kioo, kiganja wazi, na mdomo wake ulikuwa unakwenda. Anahesabu, au anaomba, au anahoji. Kerubo akahisi maziwa yakimjaa kifuani kama siku za kumnyonyesha. Akasema kwa sauti, kwa lugha ya mama yake, maneno ambayo Aden hakuyaelewa.

Kisha mtoto akageuza kichwa. Mtu alikuwa amemwita kutoka ndani. Akasema kitu, akacheka, meno yakaonekana hata kutoka ng'ambo ile, akashuka dirishani.

Hakurudi.

Hapo ndipo Kerubo alipopaswa kufurahi, na alifurahi. Alisimama akitazama kioo kitupu chenye alama ya kiganja inayofifia. Watu walitoka msikitini wakampita wawili wawili, wakizungumza. Basi aliloshuka lilikuwa limeshaondoka, likaja jingine, likashusha watu, kila mmoja akashika njia yake. Dakika zile zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko shifti. Hakuna aliyemtazamia popote.

Robo saa ilipotimia akavuka. Mlango haukufunguka. Alingoja kidogo, labda utafunguka. Kisha ilimbidi agonge, kama mgeni, na Mama Hemant akachukua muda kuja.

"Ah, wewe," bibi alisema. "Ingia, ingia, baridi naingia."

Kemunto alikuwa chini kwenye zulia, karata zimetandazwa mbele yake, nyingine ameficha chini ya goti. Akainua macho.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa."

"Ilikuwa leo?"

"Ilikuwa leo, mama."

Mtoto akafikiri. "Tumbo lilikuja," alisema. "Nikaliomba ushahidi. Likakaa, halafu likaondoka. Ba alikuwa anaiba karata, ikabidi nimwangalie."

"Mimi hapana iba," Mama Hemant alisema, akijishusha kitini. "Hii ndiyo sheria ya Kisumu."

"Cheza, Ba. Ni zamu yako."

Kerubo alikuwa amesimama mlangoni, na koti, na mkoba begani. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kufunguka, kama kila usiku, kupokea kile kishindo cha mapajani. Ikakaa hivyo, imefunguka nusu, juu ya zulia la watu. Kwenye sakafu Kemunto alitupa karata, akapiga kofi moja la ushindi. Kerubo akaiangalia mikono yake, kisha akaitumia kuvua koti.